Tulipokwenda Kuposa Inkubeta

Vifuniko vya viatu ndivyo vilivyonifanya nikubali upuuzi wa Abu Mutasim. Ni vile vya plastiki ya buluu, vyenye lastiki, ambavyo madaktari huvivaa juu ya viatu wakiingia chumba cha upasuaji. Hospitali moja ya binafsi kule Irbid ilikuwa na ziada yake, ikatupakilia lori zima. Kliniki yetu ni makontena yaliyounganishwa katikati ya uwanda, mashariki ya Mafraq, kwenye ardhi ya Sheikh Mutlaq, na wagonjwa wetu ni Wasyria wanaoishi kwenye mahema yanayotuzunguka. Chumba cha upasuaji hatuna. Wengi wa wagonjwa wetu huja na ndala.

Sikuvitupa. Mimi situpi kitu. Niliwagawia wanawake, nao wakagundua kwamba kifuniko kimoja kinaenea sawasawa juu ya bakuli la unga uliokandwa. Ukipita kwenye mahema asubuhi unakuta mabakuli yamevaa viatu, yanasubiri unga uumuke. Ni jambo zuri. Lakini mimi nilikuwa nimeomba inkubeta, ile mashine ya kumpasha joto mtoto aliyezaliwa kabla ya siku.

Mimi ni mkunga. Nina stashahada na watoto wanne, na nimezaliwa Ramtha, mji ambao kila nyumba ina shangazi aliyeolewa Daraa, ng'ambo ya mpaka. Watu wa Daraa walipokimbia vita wakaja na mabegi yao hatukuwauliza ni kina nani; tuliwauliza shangazi yuko wapi. Ndiyo sababu niko kwenye kliniki hii, na si kwa sababu ya huruma. Huruma inachosha. Hawa ni ndugu.

Mtoto njiti akizaliwa kwetu, tulikuwa tunamfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, tunawafunika wote wawili, halafu mume wangu, Baba Siraj, anawakimbiza mjini kwa pikapu. Mara nyingi tuliwahi. Hilo neno "mara nyingi" ndilo lililokuwa likininyima raha. Sasa Shatha, mke wa Mutasim, alikuwa na mapacha tumboni. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mapema, wakati wa baridi, na yule mtoto hakuwahiwa. Kila nilipompima alikuwa akinitazama usoni, si mikononi, akitafuta nitakachomficha. Sikumficha. Nilimwambia hawa nao watakuja mapema, na wakija nataka niwe na pa kuwaweka.

Pa kuwaweka nilikuwa nimeshapaona. Nilipokwenda Irbid kuchukua glavu na shashi, mtunza stoo alinipitisha chini ya jengo, na pale kwenye pembe zilikaa inkubeta mbili zimefunikwa nailoni. Hospitali ilikuwa imenunua mpya. Nikapanda moja kwa moja kwa mkurugenzi, Daktari Mundhir, mtu mpole, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Akanipa chai. Akaisifu kazi yetu. Nikamwomba zile mashine, akasema inshallah, tutaangalia. Nikaandika barua: inshallah. Nikapiga simu: inshallah. Kisha likaja lori la vifuniko vya viatu.

Siku ile ile nilimkuta Abu Mutasim, baba mkwe wa Shatha, amekaa kwenye kivuli cha kontena akisubiri dawa yake ya presha. Nikamweleza kwa hasira, maana alikuwa karibu na mimi nilikuwa na hasira. Nilipotaja inkubeta akasema anaijua, alikuwa nayo Daraa, ya vifaranga.

"Uliombaje?" akauliza.

"Kwa barua, ami. Kwa simu. Kwa mdomo."

"Peke yako?"

"Na nani tena? Na bendi?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa nguo ndani nje. "Binti yangu, wewe umesoma, lakini kuomba hujui. Kitu kizito hakiombwi na mtu mmoja aliyesimama. Kinaombwa na wanaume waliokaa, na kahawa inayopoa."

Alikuwa anazungumzia jaha. Kwetu, watu wakitaka binti wa kuoa, au wakitaka amani baada ya ugomvi, hukusanya wazee wenye heshima mbele za watu, wakaenda nyumbani kwa mwenye jambo. Mwenyeji huwamiminia kahawa. Mkubwa wa msafara hupokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukigusa, akasema hatunywi mpaka tupewe haja yetu. Wageni wakiondoka na kahawa yao haijanywewa, aibu hiyo inamfuata mwenyeji mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo mwenyeji husema, "Kunyweni kahawa yenu," na mambo yamekwisha.

Nilimwambia hayo ni mambo ya wachumba. Akajibu kwamba hata hizo mashine, kwa nilivyomweleza, zimekaa ndani, zimefunikwa, na zinangoja wa kuja kuzichukua.

Nilidhani Baba Siraj atakuwa upande wangu. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaenda kumwambia Sheikh Mutlaq. Na Sheikh, ambaye ana mizeituni mingi na maneno machache, akaona hilo ndilo jambo la kwanza la akili kusikika kutoka kliniki tangu ifunguliwe. Akampigia Daktari Mundhir mbele yetu. Alisema hivi tu: Ijumaa baada ya Alasiri tutakuja kunywa kahawa kwako, tuna haja. Daktari akasema nyumba ni yenu. Simu ikakatwa.

Nikamuuliza Sheikh kwa nini hakutaja haja yenyewe. Akaniuliza kama kwetu Ramtha watu siku hizi huposa kwa simu.

Nilikwenda nao, kwa sababu lazima awepo mtu mmoja anayejua inkubeta ikoje. Wanaume walijaza magari, wamenyoa, wamenukia. Abu Mutasim aliazima joho la kahawia la mtu mrefu kuliko yeye, akawa analibeba mkononi kama mwanamke anayevuka dimbwi. Shatha alisimama mlangoni mwa hema, mikono chini ya tumbo, akatutazama tunaondoka. Alikuwa amemfulia yule mzee soksi.

Tulipofika Irbid nilijua kuna tatizo kabla gari halijasimama. Ukuta wa bustani ulikuwa umewekwa taa za rangi. Viti vya kukodi vilipangwa safu kwa safu, na juu ya viti wamekaa ami zake Daktari, binamu zake, na wazee wa ukoo mzima wamevaa suti. Trei za kunafa, ule mkate mtamu wa jibini na shira, zilipita juu ya vichwa vya watu. Hakuna anayepika kunafa kiasi kile kwa ajili ya wagonjwa.

Wanaume wakaketi bustanini. Mimi nikaingia kwa wanawake, na mlangoni akanipokea Haja Wasfiya, mama yake Daktari, bibi mfupi mwenye dhahabu mpaka kwenye viwiko. Alinishika mashavu yote mawili, akanitazama toka kitambaa cha kichwa mpaka viatu, akasema naonekana nina afya na meno yangu ni mazuri. Kisha akauliza kama nyumba yetu ina ghorofa.

Mimi nimeozesha dada zangu watatu. Najua mwanamke anapomkagua mama mkwe wa mjukuu wake.

Baadaye ndipo nilipojua ilivyokuwa. Mwezi uliopita, harusini, mwanamke mmoja wa Mafraq alimuuliza Haja umri wa mjukuu wake, Lujain. Haja akarudi nyumbani akasubiri. Halafu Sheikh wa Mafraq akapiga simu kusema anakuja kunywa kahawa na ana haja. Ungekuwa wewe ungedhani nini? Haja alimwita Lujain kutoka Amman, anakofanya kazi ya uhandisi wa mitambo ya hospitali, akamwambia njoo haraka, nina maumivu ya kifua. Kisha akampeleka saluni.

Nikaomba maji, nikajisogeza jikoni. Lujain alikuwa kule, amevaa gauni la kijani lililombana, wanja mpaka kwenye nyusi, ameegemea jokofu kwa uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Aliponiona akajaribu kutabasamu kwa adabu, ikamshinda.

Sikuzunguka. "Dada, mimi sina kijana wa kuoa. Mkubwa wangu ana miaka kumi na miwili na bado anapoteza viatu. Tumekuja kwa ajili ya inkubeta mbili zilizo chini ya hospitali ya baba yako."

Akanikodolea macho. "Wallahi?"

"Wallahi."

Akakaa juu ya pipa la mchele akacheka bila sauti, mabega yakimtikisika, mpaka wanja ukashuka mashavuni mistari miwili. Kisha, bado akijifuta, akaniuliza kama ni zile zenye mlango wa kuinua. Nikasema ndizo. Akasema anazifahamu, aliwahi kuzifungua yeye mwenyewe. Ni nzima, ila moja kidhibiti joto chake kinakwama na dawa yake ni ndogo. Halafu akaacha kucheka.

"Baba anajua mlichokuja kukitaka?"

"Hajui bado."

"Basi njoo dirishani haraka."

Nilikuwa nimepanga kumtuma mtu amnong'oneze Sheikh. Tulikuwa tumechelewa. Kahawa ilikuwa imeshamiminwa. Sheikh Mutlaq alikuwa ameweka kikombe chake chini, na wetu wote wameweka vyao, Abu Mutasim akikilinda chake kwa joho kisije kikapigwa teke. Sheikh akakohoa, akamshukuru Mungu, akaisifu nyumba, akaanza kuwasifu marehemu wa nyumba. Alikuwa bado hajafika kwa walio hai Daktari Mundhir alipoinua mkono. Alikuwa ametunisha kifua. Ukoo wake wote ulikuwa nyuma yake, na taa, na kunafa.

"Kunyweni kahawa yenu, Sheikh," akasema. "Mlilokuja kulitaka mmepewa, hata kabla hamjalitaja."

Huo ndio ukarimu wa watu wakubwa kwetu, kutoa kabla ya kuombwa, na nimeona watu wakipoteza mashamba kwa ajili yake. Wazee wakapiga makofi. Haja Wasfiya, aliyekuwa amejibana kati yangu na Lujain dirishani, akapiga kigelegele kilichonitoboa sikio. Mimi nikafunika uso.

Sheikh alikunywa mpaka chini, akafuta masharubu. "Mungu aizidishe nyumba hii," akasema. "Hizo inkubeta tutaleta gari Jumapili tuzichukue, zote mbili. Umm Siraj kaziona, ziko kwenye pembe, chini."

Ami mmoja wa Daktari akamuuliza jirani yake Sheikh amesema nini. Jirani akamwambia. Ami akamwambia arudie.

"Nilidhani..." Daktari akaanza. Hakumaliza, maana alichokidhani kilikuwa kimesimama dirishani na mistari ya wanja mashavuni, kimejiziba mdomo kwa kitambaa cha sahani. Haja Wasfiya akakaa juu ya lile pipa la mchele. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba taa zile ni za kukodi.

Hapo nilitoka. Najua mwanamke hatoki katikati ya jaha, nisikumbushwe. Lakini niliuona uso wa Daktari, ulikuwa wa mtu aliyenaswa, na mimi sitaki mashine ya mtu aliyenaswa. Mtu wa namna hiyo anakupa leo, na kesho ukimwomba kipuri hapokei simu. Nikasimama mbele yake nikasema kama alitoa akidhani ni jambo jingine, achukue neno lake, na kati yetu hakuna atakayelitangaza. Sheikh akanitazama kwa jicho ambalo bado nalikumbuka.

"Ila nataka sababu," nikasema. "Inshallah zako ninazo za kutosha, Daktari. Nimeziweka stoo pamoja na vifuniko vya viatu."

Ami mmoja alicheka, akajidai anakohoa. Daktari hakucheka. Alikaa, akakunja mikono, na kwa mara ya kwanza akazungumza na mimi kama daktari kwa mkunga.

"Umm Siraj, kila tukizungumza kwa simu, unaniambia nini?"

Nilijua anakoelekea.

"Unaniambia subiri, umeme umekatika. Inkubeta isiyo na umeme ni sanduku. Ukimsahau mtoto mle ndani umeme ukiwa umekwenda, bora angebaki kifuani kwa mama yake. Nilipokuwa kijana nililiona hilo, mbali na hapa, na sitaki kuliona tena, wala sitaki lije na jina langu. Sasa nikuambie usoni kwamba siuamini waya wako? Wewe unayefanya kazi ile? Nikasema inshallah. Nikakupelekea kitu ambacho hakiwezi kumuua mtu."

Alikuwa na haki. Waya wetu umetoka kwenye nguzo ya barabarani, na upepo ukikohoa taa zinazimika. Nilikuwa nimeziona zile mashine, nikamwona Shatha, nikarukia katikati. Nikatazama viatu vyangu. Abu Mutasim alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili, joho limemteremka bega moja, na sikuweza kumtazama.

Aliyetuokoa ni Lujain. Hakutoka, alisema pale pale dirishani, kwa sauti ya kawaida, kama anayemkumbusha baba yake kuzima jiko.

"Baba, anayeposwa huwa na masharti. Wape masharti."

Daktari akageuka akamtazama binti yake. Masharubu yakaanza kutikisika. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, na nikaona mtu mwingine, mtu aliyepewa njia ya kutoka na heshima yake.

"Nimesema mmepewa, na mmepewa," akawaambia wetu. "Lakini hawa wana masharti. Kwanza, mhandisi wangu huyu mwenye hasira azikague na azifunge kwa mkono wake. Pili, Umm Siraj aje wodini kwetu ajifunze mpaka mimi niseme basi, si yeye. Tatu, umeme wa pili, unaoshika wenyewe wa kwanza ukikatika. Na huo nataka mdhamini. Nani anadhamini?"

Kwetu mdhamini hatafutwi. Aliyeongoza jaha ndiye mdhamini. Macho yote yakamwendea Sheikh Mutlaq.

Lazima nieleze kwamba Sheikh ana paneli za sola. Zinasukuma pampu ya kisima kinachonywesha mizeituni yake, na zina chumba cha betri chenye kufuli kubwa kuliko la msikiti. Zile paneli anazipenda. Anazifuta vumbi mwenyewe. Mwaka jana mwanamke mmoja alianika shati la mtoto kwenye fremu yake, na Sheikh hakumsalimia mpaka Ramadhani. Sasa alikaa akizishika ndevu, na ndevu za Sheikh si ndefu, lakini alizipitia moja moja.

Abu Mutasim akamwinamia. Alisema kwa upole, ila bustani nzima ilisikia. "Sheikh, kahawa ilikuwa nzuri?"

Watu wakaanza kucheka taratibu, toka safu za nyuma. Sheikh akamtazama yule mzee, akakitazama kikombe kitupu mbele yake. Amekunywa. Haitapikiki.

"Mizeituni yangu ina miaka arobaini," akasema hatimaye. "Inajua kuvumilia kiu. Natoa paneli mbele yenu wote, na betri zote. Mimi ndiye mdhamini."

Haja Wasfiya akainuka kutoka kwenye pipa. Akasema taa zimewashwa, kunafa imepikwa, na yeye haziondoi mpaka aone watu wakicheza. Kama kuna watu wamekuja kuchukua mashine, basi mashine zitaolewa. Akapiga kigelegele cha pili, kikali kuliko cha kwanza. Tulikula. Abu Mutasim alicheza dabke katikati ya wenye suti, joho likifagia bustani, na Daktari Mundhir akamshika mkono upande wa kulia.

Wodini nilipata taabu, sitaki kusema uongo. Wauguzi wa umri wa mdogo wangu wa mwisho walinifanya nirudie kupima joto, kusafisha, kumgeuza mtoto, kurudia tena. Nilinuna wiki ya kwanza, na wiki ya pili nikaona kwa nini. Daktari alipita kila asubuhi, akatazama, akasema bado. Siku aliyosema basi nilikuwa nimeshazoea kutomsikiliza, ikabidi aseme mara mbili.

Lujain alikuja uwandani na sanduku la vifaa, amevaa suruali na kofia, akagombana na Sheikh kuhusu mahali pa kupitisha nyaya. Sheikh alisema zisipite karibu na mzeituni wa marehemu baba yake. Lujain akasema zitapita pale ambapo ni karibu. Zilipita karibu. Nilimsikia Sheikh akimwambia Baba Siraj kwamba atakayemwoa yule msichana atahitaji jaha ya kumtuliza, si ya kumposa.

Mashine zenyewe zililetwa na pikapu yetu, zimefungwa riboni nyekundu na nyeupe, fundo lake limefungwa na Haja Wasfiya mwenyewe, ambaye alikaa mbele na Baba Siraj akipiga honi kwa niaba yake. Wanawake wa mahemani walipanga mstari, wakatupa mchele. Mimi nilitembea nyuma nikifokea kila aliyerusha mchele kwenye matundu ya hewa. Kila mtu alitaka kuingia kuwaona bibi harusi. Nikasema chumba hiki sasa ni chumba safi, haingii mtu na viatu vya nje. Na vifuniko viko wapi? Wanawake wakatazamana. Wakaenda kuyavua mabakuli.

Mapacha wa Shatha walikuja mchana mmoja wa vumbi, mapema kama nilivyosema. Mvulana alitangulia, mdogo, mwekundu, akalia papo hapo kama anayedai kitu chake. Msichana akafuata, naye hakulia. Alikuwa na rangi ya samawati na alitosha kiganjani. Nilimfuta, nikamsugua mgongo, nikampa pumzi kwa kile kimfuko cha hewa nilichofundishwa wodini, na Shatha kichwa amekigeuza ukutani, hataki kutazama. Nikampa tena. Tena. Kisha akatoa sauti ndogo, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake. Shatha akageuka.

Tukawaweka, kila mmoja kwenye inkubeta yake. Hata sijamaliza kufunga mlango, upepo ukapiga makontena, na taa ya dari ikazimika. Nikasimama kama nguzo, mkono juu ya kile kioo. Ndani, namba za joto hazikutikisika. Betri za Sheikh zilikuwa zimeshika, bila hata kukohoa. Sikulia. Nilimwambia Shatha vumbi limeniingia machoni, na kweli vumbi lilikuwepo.

Nilikaa nao mpaka msichana akapata joto, mpaka rangi ikabadilika toka kucha hadi midomo, mpaka nikaona kifua kinakwenda juu na chini bila kusitasita. Nilitaka niwe na hakika kabla sijatoka, maana nilijua nani yuko nje.

Abu Mutasim alikuwa amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, kando ya mlango, na uso wake wote mweupe kwa vumbi. Mbele yake, juu ya jiwe, kulikuwa na kikombe kimoja cha kahawa kimefunikwa kisahani. Mutasim mwanawe, aliyekimbia kutoka mashamba ya nyanya, aliniambia baba yake amekimimina niliposema uchungu umeanza na tangu hapo hajakigusa, wala hajajibu mtu. Yule mzee alinitazama, kama Shatha alivyokuwa akinitazama nikimpima.

"Kunywa kahawa yako, ami," nikamwambia. "Wote wawili."

Akaondoa kisahani, akainua kikombe kwa mkono wa kulia. Nusu aliinywa, na nusu ilimwagikia miguuni, juu ya vile vifuniko vya buluu alivyokuwa amevivaa toka asubuhi, ili nikimwita ndani asichelewe.